SAUTI INAYOONA NDANI YA MGONGO
Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima: Historia

Twawasalimu nyote mliokusanyika madarasani jioni hii, ninyi wa Mbinga mjini na wa milima ya Umatengo, na ninyi wa ufukoni, tangu Lituhi na Liuli hadi Mbamba Bay. Viongozi wa madarasa, tafadhali hakikisheni kwamba walio nyuma wanasikia, na mwenye mwandiko mzuri akae karibu na ubao.

Somo letu la leo ni la historia, lakini si historia ya machifu wala ya mipaka. Ni historia ya swali moja fupi ambalo madaktari wa upasuaji wamejiuliza kwa zaidi ya miaka 130. Swali lenyewe ni hili: Uvimbe uko wapi? Tutaona jinsi jibu lake lilivyopatikana kwa njia ya sauti, na tutaona kwamba ziwa letu la Nyasa nalo limo katika habari hii, ingawa kwa pembeni.

Kwanza, kila mmoja apeleke mkono mgongoni mwake, katikati kabisa. Mnagusa vifundo vya mifupa vilivyofuatana kama vifundo vya muwa. Mfupa mmoja mmoja katika hiyo huitwa pingili. Zote kwa pamoja huitwa uti wa mgongo. Andikeni ubaoni: pi-ngi-li. Sasa, kila pingili ina tundu nyuma yake, na matundu hayo yakipangana hufanya mfereji mmoja mrefu. Ndani ya mfereji huo mna kamba laini, nyeupe, unene wake kama kidole kidogo cha mkono. Kamba hiyo ni ugwe wa mgongo. Yatoka katika ubongo na kushuka hadi karibu na kiuno. Ukitaka kuinua mguu, habari hupita humo kwenda chini. Ukikanyaga mwiba, habari hupita humo kwenda juu.

Mungu ameulinda ugwe huo vizuri. Kuna mfupa, kisha kuna utando mgumu kama ngozi ya ngoma iliyolowa, kisha kuna maji safi, na ugwe wenyewe waelea ndani ya maji hayo. Lakini ulinzi huo una hasara yake. Uvimbe ukiota ndani ya mfereji, hauna mahali pa kupanukia, maana mfupa haunyooki. Basi huusonga ugwe polepole. Mtu huanza kwa maumivu ya mgongo yasiyokwisha, hata usiku amelala. Halafu miguu hufa ganzi, halafu huwa mizito, halafu mkojo humshinda kuuzuia. Asipotibiwa, mwisho hawezi kusimama. Na ugwe uliokufa haushoneki kama nguo.

Mwaka 1887 mtu wa namna hiyo alikuwako Uingereza, aliyekuwa mwanajeshi mwenye cheo cha kapteni, umri wake miaka 42. Kwa miaka mitatu alikuwa akiumwa chini ya bega la kushoto, na madaktari wengi walimtazama bila kumsaidia. Hatimaye miguu yake yote miwili ilipooza. Akapelekwa kwa Daktari William Gowers, aliyekuwa bingwa wa magonjwa ya mishipa ya fahamu katika mji wa London. Gowers hakuwa na mashine yoyote ya kutazama ndani ya mwili. Wakati huo duniani hapakuwa na mashine hiyo. Alichofanya ni kumgusa mgonjwa ngozi yake pole pole, sehemu kwa sehemu, akitafuta mpaka kati ya mahali anapohisi na mahali asipohisi. Alijua kila utepe wa ngozi unatumwa na pingili ipi. Kwa hesabu hiyo akasema: uvimbe uko hapa. Kisha akamwita mpasuaji, Daktari Victor Horsley.

Tarehe 9 Juni, 1887, Horsley alimpasua mtu huyo. Aliondoa sehemu ya nyuma ya pingili kadhaa, akapasua ule utando mgumu, akatazama. Hapakuwa na uvimbe. Ugwe ulikuwa mweupe na safi kama wa mtu mzima wa afya. Ndugu wasikilizaji, fikirini saa hiyo. Mgonjwa amelala kifudifudi, mgongo wake wazi, na jambo mlilolitafuta halionekani. Tena dawa za kuua vijidudu za siku zile zilikuwa hafifu, na kila dakika jeraha likiwa wazi hatari iliongezeka. Horsley akaondoa mfupa zaidi upande wa juu. Bado hapana kitu. Yasemwa kwamba msaidizi wake, daktari kijana aitwaye Charles Ballance, ndiye aliyemhimiza aondoe pingili moja zaidi kabla ya kufunga. Wakaiondoa. Na hapo ukaonekana, uvimbe wa rangi ya bluu iliyokoza, umbo lake kama lozi, umeusonga ugwe upande wa kushoto.

Waliutoa. Mtu yule alipata nafuu, na baada ya muda akaanza kutembea, akarudi kazini. Gowers na Horsley waliandika habari hiyo mwaka 1888, na watu wa fani yao huuhesabu upasuaji huo kuwa wa kwanza uliofaulu kuondoa uvimbe katika mfereji wa uti wa mgongo. Katika vitabu vingi sifa huenda kwa hao wawili. Mimi naona yule Ballance naye astahili sehemu yake, kwa kuwa bila pingili ile moja jeraha lingefungwa na uvimbe ungebaki humo.

Basi mwaona shida ilivyo. Gowers hakukosea sana. Alikosea kwa upana wa vidole viwili au vitatu tu. Lakini katika mgongo vidole viwili ni vingi. Ukipasua chini mno, huuoni uvimbe. Na ukiamua kupasua mgongo mrefu ili usikose, unaondoa mifupa mingi inayoushika mwili, na mgonjwa, hasa akiwa mtoto, huweza kupinda mgongo siku za mbele.

Miaka iliyofuata ilileta msaada. Mwaka 1895, huko Ujerumani, Wilhelm Röntgen aligundua miali ya eksirei. Hiyo huonyesha mfupa vizuri, lakini ugwe hauonekani. Mwaka 1919 Daktari Walter Dandy wa Marekani alieleza jinsi ya kutia hewa ndani ya mfereji ili picha ionyeshe zaidi. Mnamo 1921 Wafaransa wawili, Jean Sicard na Jacques Forestier, walianza kutumia mafuta yenye madini ya iodini. Mafuta hayo yalishuka ndani ya mfereji, na penye uvimbe yakasimama, kama maji ya mfereji wa shamba yanavyosimama penye bonge la udongo. Baadaye sana, katika miaka ya 1970 na 1980, zikaja mashine kubwa za CT na MRI. Ile ya MRI huonyesha ugwe wenyewe, na uvimbe ulio ndani yake, hata kabla mgonjwa hajaguswa kwa kisu.

Mtu aweza kusema: basi, jambo limekwisha. Halijaisha. Picha hiyo imepigwa jana, au wiki iliyopita, mgonjwa akiwa amelala chali ndani ya mashine. Leo amelala kifudifudi, mgongo wazi, na daktari amefika kwenye ule utando mgumu. Utando hauonyeshi kilicho nyuma yake. Picha imetundikwa ukutani, lakini ukutani si mgongoni. Daktari ataka kujua sasa hivi, mahali hapa, chini ya ncha ya kisu chake: mwanzo wa uvimbe ni wapi, na mwisho wake ni wapi?

Jibu la swali hilo lilitoka majini. Tuiache hospitali kwa muda kidogo, twende kwenye maji.

Ninyi wavuvi mwajua namna ya kupima kina kwa kamba na jiwe. Mabaharia wa pwani huita bildi. Katika vilindi vya Ziwa Nyasa kazi hiyo haiwezekani kwa kamba ya mvuvi, maana mahali penye kina kirefu kuliko pote hufika karibu mita 700. Lakini iko njia nyingine ya kupima, nayo ni mwangwi. Mtu akisimama Umatengo akapiga kelele kuelekea mlima wa pili, sauti yake humrudia. Akijua mwendo wa sauti, na akihesabu muda, aweza kujua mlima uko umbali gani.

Mwendo wa sauti ndani ya maji ulipimwa vizuri mwaka 1826 katika ziwa la Geneva, huko Uswisi. Bwana Jean-Daniel Colladon na mwenzake Charles Sturm walikaa katika mashua mbili, umbali wa karibu kilomita 13 na nusu, usiku. Mmoja alipiga kengele iliyozamishwa majini, na wakati uleule baruti ikawaka kwa mwanga mkubwa. Mwingine aliona mwanga, akahesabu sekunde, huku sikio lake likiwa kwenye bomba refu la bati lililotiwa majini, mpaka akasikia kengele. Zilipita sekunde 9 na sehemu kidogo. Wakapata kwamba sauti ndani ya maji hukimbia mita 1,435 kwa sekunde moja. Katika hewa hukimbia mita 340 tu. Kumbe maji, ambayo kwetu huonekana mazito na ya kimya, huchukua sauti upesi mara nne kuliko hewa.

Jambo la pili lilitokea Ufaransa mwaka 1880. Ndugu wawili, Jacques na Pierre Curie, waligundua kwamba mawe fulani yanayong'aa, kama yale ya kwatzi, yakibanwa hutoa umeme kidogo. Na mwaka uliofuata wakathibitisha kinyume chake: yakitiwa umeme, hutetemeka. Jiwe linalotetemeka ni jiwe linalotoa sauti. Na sauti ikirudi na kulibana jiwe lilelile, hutoa umeme. Kwa hiyo jiwe moja ni mdomo na ni sikio.

Kisha vikaja Vita Kuu vya Kwanza. Wazee wa Liuli walirithi masimulizi yake. Wajerumani waliita bandari hiyo Sphinxhafen, kwa ajili ya lile jiwe kubwa linalofanana na sanamu ya Misri. Tarehe 13 Agosti, 1914, meli ya Waingereza iitwayo Gwendolen iliipiga kwa mzinga meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, iliyokuwa imepandishwa nchi kavu ili itengenezwe. Nahodha wa Kijerumani alikuwa hajapata hata habari kwamba vita vimeanza. Lakini katika bahari za Ulaya vita havikuwa vya namna hiyo. Huko nyambizi za Wajerumani, yaani meli zinazokwenda chini ya maji, zilikuwa zikizamisha meli nyingi, na hapakuwa na jicho la kuziona.

Ndipo mwanasayansi wa Ufaransa, Paul Langevin, alipochukua vipande vyembamba vya kwatzi, akavibana kati ya sahani mbili za chuma, akavitia umeme ndani ya maji. Vilitetemeka upesi mno, mara maelfu mengi kwa sekunde, na sauti hiyo hakuna mtu aliyeweza kuisikia. Sikio la mtu husikia mitetemo 20 hadi 20,000 kwa sekunde. Zaidi ya hapo kwetu ni kimya. Mwaka 1918 Langevin alipata mwangwi wa nyambizi. Tena aliona jambo la kutisha: samaki walioingia katika njia ya sauti hiyo walikufa, na mtu aliyetia mkono majini aliona maumivu. Sauti inayotumika hospitalini kutazama ni dhaifu sana kuliko hiyo, nanyi akina mama mliopimwa mimba kwa ultrasaundi ni mashahidi kwamba haiumi.

Baada ya vita, mashine za mwangwi ziliingia katika meli za uvuvi dunia nzima, na hatimaye zikafika kwetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 palikuwa na kazi ya utafiti katika Ziwa Nyasa kwa ajili ya Malawi, Tanzania na Msumbiji. Meli iliyofanya kazi hiyo ilipewa jina ambalo kila mtoto wa ufukoni alijua: Usipa. Ilipita ziwani ikipeleka sauti chini, ikisikiliza mwangwi wa samaki, ili ijulikane samaki wa kilindini ni wengi kiasi gani. Samaki wengi wana kibofu cha hewa tumboni, nacho hurudisha sauti kwa nguvu. Lakini mwajua wale wadudu wadogo wanaopanda juu ya ziwa kama moshi wa moto wa nyika? Watoto wao huishi majini, nao pia wana vifuko vya hewa. Basi nao hurudisha mwangwi. Mtu asiye mzoefu aweza kutazama mashine akasema, hapa pana kundi la samaki, kumbe ni viluwiluwi vya wadudu. Likumbukeni hilo, tutalirudia.

Sasa turudi hospitalini. Madaktari walijiuliza: ikiwa sauti huona nyambizi na samaki ndani ya maji, je, haiwezi kuona ndani ya mwili? Mwili wetu sehemu kubwa ni maji. Daktari Karl Dussik wa Austria alijaribu kupitisha sauti katika kichwa cha mtu, na mwaka 1942 alitangaza habari yake. Lakini ilipofika 1952, wataalamu wengine walionyesha kwamba picha zake nyingi hazikuwa za ubongo. Zilikuwa zimetokana na mfupa wa fuvu. Mfupa hunywa sauti na kuitawanya. Hapo wengi walikata tamaa.

Mtu aliyeifufua habari hii alikuwa daktari wa akina mama, Ian Donald, wa mji wa Glasgow. Tarehe 21 Julai, 1955, alipakia uvimbe uliokwisha kutolewa katika matumbo ya wagonjwa ndani ya gari lake, akaupeleka kiwandani. Katika kiwanda hicho walitengeneza matangi makubwa ya mvuke, na walikuwa na mashine ya sauti ya kutafuta nyufa ndani ya chuma. Donald akaiweka juu ya uvimbe mmoja mmoja. Wenye kiwanda walimpa na pande la nyama ya ng'ombe ili alinganishe. Akaona wazi kwamba uvimbe wenye maji hujibu namna nyingine na uvimbe mgumu. Mwaka 1958 yeye na wenzake walichapisha matokeo yao. Kati ya wagonjwa wao alikuwamo mama mmoja aliyekuwa amehukumiwa kwamba ana saratani isiyotibika tumboni. Mashine ya sauti ikaonyesha kwamba ni mfuko wa maji tu. Akapasuliwa, akapona.

Lakini kwa mgongo bado mfupa ulizuia. Ndugu, tazameni jinsi jambo lilivyokuwa karibu, na bado likachukua miaka mingi. Mpasuaji wa mgongo, ili aufikie ugwe, ni lazima kwanza aondoe mfupa wa nyuma. Kwa hiyo katikati ya upasuaji, na wakati huo tu, kizuizi kimeondoka. Dirisha liko wazi. Kilichobaki ni kuweka mashine dirishani.

Ilibidi kungojea mashine ndogo zaidi, zenye kuonyesha picha inayocheza papo hapo badala ya mistari michache. Zilipopatikana katika miaka ya 1970, mambo yakaenda upesi. Mwaka 1978 Daktari Reid wa Marekani aliandika habari ya kuuona kwa sauti uvimbe wenye maji ndani ya ugwe wa shingo. Na mwaka 1982 Daktari George Dohrmann, mpasuaji, na Daktari Jonathan Rubin, bingwa wa picha, waliandika juu ya kutumia sauti katika upasuaji wa ugwe, penye uvimbe na penye mifuko ya maji. Tangu hapo njia hiyo ikaenea.

Hufanywaje? Mgonjwa amelazwa usingizi kwa dawa, kifudifudi. Mfupa wa nyuma umekwisha kuondolewa, utando mgumu waonekana, bado haujapasuliwa. Daktari hujaza jeraha kwa maji safi ya chumvi, likawa kama kidimbwi kidogo. Maji hayo hayatiwi kwa kuosha tu. Ndiyo njia ya sauti. Kisha huchukua kifaa, kidogo cha kushikika kwa vidole, kilichovikwa mfuko safi usio na vijidudu, akakichovya juu juu katika maji bila kuukandamiza ugwe. Kifaa hicho hutetemeka mara milioni kadhaa kwa sekunde, huweza kuwa milioni 5, 10, au zaidi.

Mtauliza, kwa nini nyingi hivyo? Fikirini ngoma ya mganda. Ngoma kubwa yenye sauti nzito husikika hata ng'ambo ya kilima, lakini filimbi nyembamba hupotea njiani. Ndivyo ilivyo mwilini. Sauti nzito huenda mbali lakini picha yake ni ya jumla. Sauti nyembamba haiendi mbali, ila huonyesha mambo madogo sana. Kuona mtoto tumboni kwa mama yataka sauti inayoenda mbali. Ugwe uko karibu, umbali wa sentimita chache tu, basi daktari aweza kutumia ile nyembamba kabisa.

Katika kioo cha mashine, utando huonekana kama mstari mweupe unaong'aa. Maji yaliyo chini yake ni meusi. Ugwe ni wa kijivu, kingo zake nyeupe, nao huchezacheza kwa mapigo ya moyo. Uvimbe mara nyingi hung'aa kuliko ugwe. Mfuko wa maji ni mweusi. Daktari husogeza kifaa kwenda juu mpaka aone uvimbe umekwisha, kisha kwenda chini vivyo hivyo. Akiona kwamba uvimbe wapanda kupita mfupa alioondoa, ataondoa kidogo zaidi kabla ya kuugusa utando. Ile pingili moja ya Ballance, iliyotafutwa kwa kubahatisha mwaka 1887, sasa hupimwa kabla haijakatwa. Na akiona kwamba nafasi inatosha, mifupa mingine hubaki salama. Baada ya kuutoa uvimbe, hujaza maji tena na kutazama kama pamesalia kipande.

Isidhaniwe kwamba mashine hii haikosei. Hapa ndipo mkumbuke wale wadudu wa ziwani. Damu ikiganda ndani ya jeraha, nayo hung'aa kama uvimbe. Mapovu ya hewa hung'aa na kuficha yaliyo chini. Hata kile kipande cha sponji kinachotumika kuzuia damu hudanganya jicho. Tena uvimbe mwingine umechanganyika na ugwe kama maji na udongo, hauna mpaka unaoonekana. Na sauti haisemi uvimbe ni wa aina gani. Kazi hiyo ni ya hadubini. Kwa hiyo mashine haiondoi haja ya picha ya MRI, wala haiondoi haja ya mkono uliozoea. Faida yake ni kwamba yaonyesha mambo ya dakika ileile, haina miali ya kudhuru, huweza kurudiwa mara nyingi, na bei yake haifanani hata kidogo na ile ya kuweka MRI ndani ya chumba cha upasuaji.

Kwetu Afrika Mashariki upasuaji wa ubongo na ugwe haukuanza zamani sana. Daktari Renato Ruberti kutoka Italia alianza kazi hiyo Nairobi mwaka 1967. Huko Uganda, Daktari Ian Bailey aliianzisha katika Hospitali ya Mulago mwaka 1969, akafuatwa na Mganda, Daktari Jovan Kiryabwire. Hapa Tanzania kazi hiyo ilikua Muhimbili, na mwaka 1996 sheria ilitungwa ya kuunda Taasisi ya Mifupa Muhimbili, ambayo watu wengi huiita MOI, kwa magonjwa ya mifupa, ya ubongo na ya mishipa ya fahamu.

Uganda ina mfano mmoja mzuri wa sauti na dirisha. Katika hospitali ya watoto ya CURE mjini Mbale, mwanzoni mwa miaka ya 2000, Daktari Benjamin Warf alitibu watoto wengi wachanga waliojaa maji kichwani. Mtoto mchanga ana utosi, mahali ambapo mfupa haujafunga. Vichwa vyao viliweza kupimwa kwa sauti kupitia hapo. Utosi ni dirisha alilozaliwa nalo mtoto. Katika mgongo dirisha hulifungua daktari.

Kutoka Mbamba Bay hadi Dar es Salaam ni safari ya zaidi ya kilomita 1,000. Barabara ya lami ya kilomita 66 kati ya Mbinga na Mbamba Bay imepunguza taabu ya mwanzo wa safari, lakini safari bado ni ndefu, na ugwe uliosongwa hauna subira. Kwa hiyo mtu mwenye maumivu ya mgongo pamoja na miguu kufa ganzi au kulegea, au aliyeshindwa ghafula kuzuia mkojo, asikae nyumbani akichuliwa na kungoja mavuno ya kahawa yapite. Aende hospitali iliyo karibu naye, Mbinga, Litembo, Liuli au Peramiho, akaeleze dalili zote, hasa ile ya mkojo ambayo watu huona haya kuitaja. Tena si kila mgongo wa namna hiyo una uvimbe. Mara nyingi katika nchi zetu ni kifua kikuu kilichoingia katika pingili, nacho hutibika kwa dawa kikipatikana mapema. Daktari ndiye atakayejua kama mgonjwa apewe dawa, au apelekwe mbele.

Muda wetu umekaribia kwisha. Viongozi wa madarasa, andikeni hesabu hii ubaoni, na wanafunzi waijibu kabla ya kutawanyika. Meli iko juu ya kilindi cha Ziwa Nyasa. Imepeleka sauti chini, na mwangwi umerudi baada ya nusu sekunde. Katika maji ya ziwa letu sauti hukimbia karibu mita 1,500 kwa sekunde. Je, kina cha mahali hapo ni mita ngapi? Msisahau kwamba sauti imekwenda chini na kurudi juu.

Kwaherini, ndugu wasikilizaji.